Mtoto wa wifi amenipeleka CMA

Shikamoo Mjomba,

Nina tanuri la mikate hapa Iringa. Nilianza na maandazi na skonzi za kupeleka shuleni, nikichoma kwa kuni uani. Sasa nina oveni ya gesi na watu saba: waokaji wawili wa usiku, mkandaji, wadada wawili wa kufungasha, binti wa kaunta na kijana wa bodaboda anayesambaza madukani. Kampuni sina. Nina leseni ya biashara, TIN na nguvu zangu.

Mwokaji mkuu ni mtoto wa wifi yangu. Alipomaliza kidato cha nne wifi alinipigia simu, "Mchukue mwanao, huku kijijini atapotea." Nikampa chumba cha uani, nikamfundisha kazi mwenyewe kuanzia kupima hamira. Leo ana miaka minne na miezi miwili kwangu. Namlipa 200,000 kwa mwezi, analala bure, mkate anakula. Mkataba hatukuandikiana. Mjomba, utamwandikishaje mkataba mtoto uliyemnunulia shati lake la kwanza la mjini?

Kazi inaanza saa mbili usiku, anatoka saa kumi na mbili asubuhi, Jumapili hafanyi. Katikati kuna saa moja hivi ya kungoja donge liumuke, hujilaza juu ya mifuko ya unga.

Pasaka iliyopita oda zilifurika. Usiku wa Ijumaa Kuu kuamkia Jumamosi akapitiwa na usingizi. Mimi niliamshwa na harufu iliyopenya dirishani, saa tisa usiku. Mikate 120 ilikuwa mkaa. Nilimuuzia mfuga nguruwe mmoja, akanipa 15,000. Kwa bei yetu ya 1,200, hasara ni 144,000. Nikamwambia nitakukata mara mbili, 72,000 mwisho wa Aprili na 72,000 mwisho wa Mei. Hakujibu kitu. Mei nilipompa bahasha akaihesabu mbele ya wenzake, akasema, "Anti, huu ni mshahara au ni nauli?" Nikapandwa na hasira, nikamwambia kesho usirudi. Usiku ule ule mume wangu akamtumia ujumbe WhatsApp: "Hatukuhitaji tena." Chumba tukakitia kufuli. Godoro na begi lake vimo mpaka leo.

Wiki ya tatu nimeletewa fomu ya CMA, ile tume ya migogoro ya kazi, na tarehe ya kwenda kwenye usuluhishi. Kaijaza mwenyewe. Mwandiko wake naujua, ndiye aliyekuwa akiniandikia daftari la oda.

Mume wangu anasema nisiende, wifi atamtuliza mwanawe. Jirani yangu mwenye duka la jumla anasema niandike mkataba wa tarehe za nyuma, kisha niseme alitoroka kazini. Mimi nilidhani hizi sheria ni za viwanda na makampuni. Niende? Na hawa sita waliobaki nifanyeje, maana wameanza kunong'onezana?

Mama Mikate, Iringa

*

Marahaba, mpwa wangu.

Kabla hujamaliza kusoma jibu hili, nenda kafungue kufuli. Godoro na begi ni mali yake hata kama ungekuwa na haki kwa mengine yote. Mwite mtu mzima wa nyumba ya jirani awe shahidi, mpe kijana vitu vyake, mwandikishiane alichochukua. Usimwambie afute kesi kwanza ndipo apate begi. Hilo nalo litafika mbele ya msuluhishi, tena likiwa limenenepa njiani.

Sasa swali lako. Nenda. Sheria imempa msuluhishi wa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, hiyo CMA, uwezo wa kutoa uamuzi juu ya shauri ikiwa mlalamikiwa ameitwa na hakutokea wala hakutuma mwakilishi. Kwa maana hiyo ushauri wa mumeo ndio njia fupi kuliko zote ya kushindwa. Na kijana hakuchelewa: anayepinga kuachishwa kazi ana siku 30 za kufungua shauri, yeye kaja wiki ya tatu. Wifi anaweza kutuliza roho yake, lakini faili likishafunguliwa halifungwi kwa simu ya kijijini. Zungumza naye kwa heshima, ni ndugu yenu, ila msifanye kikao cha ukoo cha kumbana mtoto.

Jirani wa duka la jumla mshukuru kwa chai, ushauri wake muachie mwenyewe. Mkataba wa tarehe za nyuma wenye saini ya kubuni ni kughushi, na kughushi ni jinai. Kutoroka nako kutasimamaje, wakati simu ya kijana ina ujumbe wa mumeo unaosema hatukuhitaji tena? Nimewaona waajiri wadogo wakiingia kwenye usuluhishi na tatizo la laki chache, wakatoka wameongeza la uongo juu yake.

Unasema ulidhani sheria hizi ni za wakubwa. Dhana hiyo naikuta kila mahali, kuanzia saluni hadi gereji. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini, Na. 6 ya 2004, kwa Tanzania Bara, haina mstari unaosema ukiwa na watu chini ya idadi fulani umesamehewa. Iliowaacha nje ni wanajeshi, polisi, magereza na JKT. Mwenye tanuri hayumo. (Wasomaji wangu wa Unguja na Pemba, ninyi mna sheria yenu, Na. 11 ya 2005.) Undugu nao haumtoi mtu kwenye ajira. Kama anaingia saa ulizopanga wewe, anafanya unavyoelekeza wewe na analipwa na wewe, huyo ni mwajiriwa, hata kama anakuita Anti.

Tena mkataba mnao. Wa mdomo ni mkataba. Ambacho hukufanya ni kumpa maelezo ya maandishi ambayo kifungu cha 15 kinayataka tangu siku anaanza: jina, umri, anwani na jinsia yake, alikoajiriwa na anakofanyia kazi, kazi yenyewe, tarehe ya kuanza, muda wa mkataba, saa za kazi, malipo na namna yanavyopigiwa hesabu, pamoja na vile anavyopewa visivyo fedha. Chumba na mkate vingeingia hapo. Watu hudhani karatasi ile ni zawadi kwa mfanyakazi. Isome vizuri: shauri likifika mbele na mwajiri hana karatasi, mzigo wa kuthibitisha au kukanusha sharti linalodaiwa unamwangukia mwajiri. Akisema mlikubaliana 250,000, wewe ndiye wa kuonyesha kwamba sivyo. Ulipomwonea aibu mtoto wa wifi kumwandikia, ulimkabidhi kalamu.

Tuje kwenye mikate, maana humo ndimo ulimoumia.

Kumkata mfanyakazi kwa hasara hakukatazwi moja kwa moja. Kifungu cha 28 kinaruhusu, lakini kina milango, na wewe umepita dirishani. Hasara iwe imetokea akiwa kazini na kwa kosa lake. Umwandikie sababu, kiasi na ulivyokipata. Umpe nafasi ya kweli ya kupinga. Unachodai kisizidi hasara halisi. Na makato yasizidi robo ya malipo yake ya fedha. Robo ya 200,000 ni 50,000. Wewe ulikata 72,000, kwa hiyo hata kama ungefuata mengine yote, 22,000 za kila mwezi zimezidi. "Hakujibu kitu" si kukubali, mpwa wangu. Mtoto aliyelelewa hajibizani na mama aliyemtoa kijijini usiku wa Pasaka.

Halafu hiyo 144,000 yenyewe. Umeipata kwa bei ya kuuzia. Hasara halisi mimi ningeanza kuihesabu na unga, hamira, sukari, mafuta na gesi vilivyoingia kwenye ile mikate 120, kisha ningetoa 15,000 za mfuga nguruwe. Hizo hukuzitoa. Msuluhishi atauliza, na yule kijana atajua, kwa sababu nina hakika ndiye aliyepakia mikate ile kwenye gunia.

Sasa lete daftari la oda. Barua yako imenisimamisha pale uliposema Pasaka oda zilifurika na Jumapili hafanyi. Fungua ile wiki, kuanzia Jumapili ya Matawi. Kama Jumapili ile usiku kuna oda zilizookwa, na Jumatatu, na kuendelea hadi Ijumaa Kuu, na Jumamosi iliyotangulia pia alikuwa kazini, basi kijana wako hakupata zile saa 24 mfululizo za mapumziko ambazo kila mfanyakazi anadaiwa kwa wiki. Aliyelala mbele ya oveni saa tisa usiku ni mtu ambaye huenda hakupewa usiku wa kulala. Na ushahidi wa hayo umeandikwa kwa mwandiko wake, ndani ya daftari lako, kwenye droo ya kaunta yako. Ijumaa Kuu nayo ni sikukuu ya kitaifa. Saa zilizofanywa siku hiyo hulipwa mara mbili. Je, zililipwa?

Chukua kikokotoo tuendelee. Gawa 200,000 kwa 4.333 upate mshahara wa wiki, kisha gawa kwa 45, ambazo ndizo saa za kawaida za juu kabisa kwa wiki. Saa yake moja inatoka kama 1,026. Yeye anafanya saa tisa kwa usiku, mara sita, yaani 54. Saa tisa za juu ni ovataimu. Kwa wiki nne zinakuwa 36, na sheria inaruhusu hadi 50 kama mmekubaliana, ila kila moja inalipwa mara moja na nusu. Hapo ni kama 55,389. Bado usiku. Kazi ya kati ya saa mbili usiku na saa kumi na mbili asubuhi, ambayo ndiyo zamu yake nzima, ina nyongeza ya asilimia 5 kwa kila saa, na saa za ovataimu asilimia hiyo inapigwa juu ya malipo ya ovataimu. Kwa wiki nne inatoka kama 12,000. Jumla kama 67,389 kila wiki nne ambazo hukumlipa. Deni lako lote la mikate lingekuwa limemezwa humo kabla wiki ya tisa haijaisha.

Na hapo nimekuhurumia. Nimehesabu ile saa ya kungoja donge kama mapumziko yake. Kama alilazimika kuwepo aliangalie lisifurike, mtu makini atakwambia ile ni saa ya kazi, mifuko ya unga isikudanganye.

Sijaandika haya nikukatishe tamaa. Nataka uingie chumba kile ukijua deni lako kuliko anavyolijua anayekudai. Usuluhishi hautozwi fedha, na si mahakama, ni meza. Mkikubaliana, yanaandikwa, mnasaini, yanawafunga wote wawili. Msipokubaliana ndipo shauri linakwenda kwa mwamuzi, na huko kuachisha kazi bila sababu halali au bila utaratibu wa haki kuna fidia inayohesabiwa kwa miezi ya mshahara, juu ya stahiki zake nyingine. Wewe hukufuata utaratibu hata hatua moja. Kwa hiyo mezani ndipo pako pazuri.

Ukiniuliza mimi ningeweka nini mezani, ningeanza na kumrudisha kazini, maana mwokaji wa miaka minne hapatikani sokoni Jumatatu. Akikataa, au ninyi kwa ninyi hamwezi tena kutazamana, basi stahiki za kuondoka. Notisi kwa anayelipwa kwa mwezi ni siku 28, na wewe ulimpa usiku mmoja. Kiinua mgongo ni mshahara wa siku 7 kwa kila mwaka uliokamilika, hadi miaka 10; miaka yake minne ni siku 28 nyingine. Likizo ya mwaka nayo ni siku 28, na kama kuna siku ulizompa akaenda kwao, tuseme Krismasi, zitoe humo. Ya mwaka unaoendelea mlipe. Ya miaka ya nyuma ni ya kubishana kwa adabu. Rudisha makato. Weka kiasi cha ovataimu mnachoweza kukubaliana. Halafu mwandikie cheti cha utumishi, kisicho na maneno ya kisirani, ili apate kazi kwingine. Kama huna fedha zote, omba kulipa kwa awamu, zenye tarehe. Awamu ni jambo la kawaida sana pale, usiione haya.

Kuhusu siku nyingine utakapotaka kumwondoa mtu. Kosa la kwanza kwa kawaida ni onyo, isipokuwa liwe zito kiasi kwamba kuendelea naye hakuvumiliki: wizi, kupiga mtu, uharibifu wa makusudi, uzembe uliokithiri na yanayofanana na hayo. Mwandikie tuhuma kwa Kiswahili anachokielewa. Mpe angalau saa 48 ajiandae. Aje na mwenzake kazini akitaka. Asikilizwe na mtu ambaye si yeye aliyegombana naye. Kwako wewe hapo pana ugumu, tafuta mtu mzima mnayemheshimu wote. Kisha uamuzi na sababu zake, kwa maandishi. Kurasa mbili za daftari zinatosha. Utaratibu huu umewekwa kwenye Kanuni za Utendaji Bora za 2007, na hakuna mahali zinapodai uwe na idara ya rasilimali watu.

Hao sita usiwasubirishe. Wanong'onezane leo, kesho wapewe karatasi. Keti na kila mmoja robo saa, mwandike maelezo ya ajira, nakala yake na nakala yako. Zako zitunze, kwani hata akiondoka unatakiwa kuwa nazo kwa miaka mitano. Binti wa kaunta usimwandikie kwamba shoti yoyote, yaani fedha ikipungua, ni yake. Shoti nayo inapita milango ile ile ya kifungu cha 28. Fungua daftari la mahudhurio, saa ya kuingia na ya kutoka, kila mtu asaini. Panga zamu upya ili mwokaji mmoja asibebe usiku sita. Ukiwa na wawili, kuna njia. Mshahara wa kila mmoja uutazame kwenye Amri ya Kima cha Chini inayotumika sasa, mahali pa sekta yako, wala usikubali picha ya karatasi ya zamani inayozunguka kwenye magrupu.

NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, hukuitaja kabisa, na ukimya wako nimeusikia. Mchango ni asilimia 20 ya mshahara, na huwezi kumkata mfanyakazi zaidi ya 10. Nyingine unatoa wewe. Nenda ofisini kwao kabla hawajaja. WCF, Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, ni asilimia 0.5 na unalipa wewe peke yako, haikatwi kwa mtu. Kama malipo ya wote yanafika 1,400,000, ni 7,000 kwa mwezi. Bei ya mikate sita hivi. Na una watu wanaoingiza mikono kwenye oveni kila usiku. Ile tozo ya mafunzo, SDL, usiogope ukiisikia. Huanza mtu akifikisha wafanyakazi 10.

Siku ya usuluhishi fika mapema. Beba daftari la oda, daftari la mishahara, kitambulisho, na ile fomu uliyoletewa. Beba karatasi ya hesabu uliyoiandika mwenyewe, yenye kiwango unachoweza kulipa na tarehe zake. Kijana akikusalimia, muitikie. Mumeo muache nyumbani aangalie oveni, na simu yake aizime.